Posa ya Brannock

Sehemu kubwa ya maisha yangu niliitumia katika ukaguzi wa shule za Pwani, na kazi hiyo ilinifundisha kudharau kitu kimoja kuliko vingine vyote: sifa ambayo haijakaguliwa. Nimeingia katika shule ambazo wazazi walikuwa tayari kuuza mashamba ili watoto wao wakubaliwe, nikakuta maabara imefungwa kwa kufuli lenye kutu na mwalimu wa historia amelala. Watoto walifaulu, naam. Walifaulu kwa kuwa shule ilichagua wale waliokwisha kufaulu kabla ya kufika, ikawaweka miaka minne, ikawarudisha kwao na akili zile zile walizokuja nazo, kisha ikajipigia makofi.

Ndiyo maana, mwishoni mwa mwaka 2003, mkwe wangu Azizi aliponiambia kwamba Chuo Kikuu cha Brannock kina timu ya mpira wa Kimarekani isiyo na mfano, sikusimama kushangilia. Nilimwuliza ni nani aliyesema.

"Kila mtu anasema, Baba."

"Kila mtu hajawahi kuwa shahidi mbele ya kadhi yeyote ninayemjua."

Azizi ni mume wa binti yangu Mashavu. Ni kijana wa Kibokoni, mpole na mchapakazi, anayeendesha basi dogo la abiria kati ya uwanja wa ndege wa Dallas na mahoteli. Dosari yake ni kuamini lolote analoambiwa na abiria aliyevaa tai. Mashavu ni muuguzi. Nilikuja kukaa nao Arlington baada ya kufiwa na mke wangu, nikayakubali mambo yote ya mji ule isipokuwa mawili: kwamba mtu hawezi kwenda kununua mkate bila gari, na kwamba wajukuu zangu hujibu kwa Kiingereza wanaposemeshwa Kiswahili. Maneno yao nitayaandika hapa kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo yalivyopaswa kusemwa.

Mjukuu wangu Sufyan alikuwa katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Alijifunza kandanda kwa baba yake, katika eneo la kuegeshea magari, hadi mwalimu mmoja wa michezo alipouona mguu wake na kumhamishia katika mchezo wao. Kazi yake humo ni moja. Wenzake wanapokwama, yeye huitwa, huupiga mpira upite kati ya nguzo mbili, kisha hutoka. Akipata, wanamsahau; akikosa, wanamkumbuka. Niliiona kuwa kazi yenye heshima kuliko zote uwanjani, maana haimlazimu kumwangusha mtu.

Vyuo viwili vilimtaka. Kimoja kilikuwa Brannock. Cha pili kilikuwa chuo kidogo cha Houston ambacho jina lake halikuandikwa kwenye kofia ya abiria yeyote wa Azizi. Kocha wa chuo hicho, Bwana Pruitt, alimpigia Sufyan simu, akamwambia bila kuzunguka kwamba anaye mpigaji mwingine aliyemtangulia, kwamba mwaka wa kwanza atakaa benchi, na kwamba atasomeshwa uhandisi bure. Sufyan aliweka simu chini akacheka. Mwezi wa Februari ilimpasa kutia sahihi kwa chuo kimoja, na sahihi hiyo humfunga kijana: akijuta baadaye akataka kuhama, hupoteza mwaka mzima wa mchezo, na mpigaji aliyepotea mwaka mzima hakuna anayemtafuta tena. Yeye alikuwa amekwisha kuchagua moyoni. Alitaka Brannock kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na hakutaka kuulizwa maji hayo yametoka kisima gani.

Kocha wa Brannock alikuja nyumbani Jumamosi moja ya Desemba. Aliitwa Hollis. Alikuwa mrefu, mwenye meno meupe mno, na kidoleni alivaa pete ya ubingwa yenye ukubwa wa kifungo cha koti. Alivua viatu mlangoni, hilo ninamhesabia. Lakini alikuja mikono mitupu.

Nilimvuta Azizi jikoni. "Mtu huyu amekuja kutuomba mtoto, wala hakubeba hata kilo moja ya sukari?"

"Baba, kanuni zao zinakataza. Hawaruhusiwi kumpa mchezaji kitu."

"Washenga hawampi bibi harusi kitu. Wanawapa wenye nyumba."

"Baba, hii si posa!"

"Amekuja na maneno matamu, anamtaka mtoto wetu akakae kwake miaka minne, na anataka jibu. Nieleze wewe ni nini."

Tulirudi sebuleni tukamkuta Hollis amekaa karibu kabisa na Sufyan, mkono begani mwake, akimwambia maneno ambayo nilikuja kuyakumbuka vizuri: "Nimezunguka Texas nzima. Nahitaji mpigaji mmoja tu, si wawili. Nilipokuona nilimpigia mke wangu simu nikamwambia, nimempata."

Hapo ndipo jamaa zangu walipofanya kosa ambalo ni watu wa kwetu tu wanaoweza kulifanya. Kwa desturi ya nyumba yetu, washenga hupewa maji na kahawa, husikilizwa, kisha huambiwa kwamba maneno yao yamefika na kwamba wenye nyumba watatazamana. Jibu halitoki siku ile, hata akija mwana wa sultani. Kati ya siku hiyo na siku ya jibu, wazee huulizia: mtu huyu kwao anasemwaje, jirani zake wanalala vipi, aliowahi kuwaoa waliachwa kwa sababu gani. Wakisharidhika, ndipo halwa hukatwa na wageni hufukizwa udi. Binti yangu Mashavu, ambaye marehemu mama yake alimfundisha hayo yote, aliyasikia maneno ya Hollis, machozi yakamlengalenga, akaenda jikoni, akarudi na sinia la biriani, sahani ya halwa ya Mombasa, na chetezo kinafuka moshi.

Hollis alikula sahani mbili. Akainama juu ya chetezo kama alivyoelekezwa, akacheka, akatoka ananukia kama bwana harusi.

"Mmemfukiza," nikasema mlango ulipofungwa. "Sasa mmebakiza nini? Mngempigia na vigelegele."

"Ni mgeni, Baba," akasema Mashavu. "Nisimkirimu mgeni?"

"Kumkirimu ni wali. Udi ni jibu."

Mambo yalinitetea mapema. Siku chache baadaye Tasnim, dada yake Sufyan, alirudi shuleni akihema: kocha wa shule alikuwa ametangaza ukumbini kwamba Sufyan ni wa Brannock. Hollis alikuwa amempigia simu na kumwambia kwamba ile familia imemkubalia, "na wana sherehe nzuri sana ya moshi." Kutoka siku hiyo watu waliokuwa hawamjui Sufyan walimshika mkono madukani. Mwuza petroli alimpa chupa ya soda. Kila pongezi ilikuwa msumari, maana kila aliyempongeza alimwongezea aibu ya kurudi nyuma.

Nilimwita, tukakaa kwenye ngazi za nje.

"Haya, mume mwenzangu," nikamwambia, kama tulivyozoea kutaniana tangu bibi yake akiwa hai. "Nieleze ubora wa hao Brannock."

"Babu, mwezi wa nane walikuwa nambari sita nchi nzima."

"Ligi yao inaanza lini?"

"Mwisho wa mwezi wa nane."

"Kwa hiyo walikuwa nambari sita kabla hawajacheza na mtu."

"Waandishi wa habari za michezo wanapiga kura. Wanajua."

"Wanajua nini? Wanajua kwamba mwaka jana waliwapigia kura, na mwaka juzi pia. Miaka yote ya ukaguzi wangu sijaona mtihani uliosahihishwa kabla ya kufanywa. Na mechi za mwanzo walicheza na nani?"

Alitaja vyuo vitatu. Kimoja, alikiri, hakijashinda tangu mwaka uliopita, na hulipwa ili kije kufungwa.

"Hulipwa?"

"Ndiyo, Babu. Kila timu kubwa inafanya hivyo."

"Basi mimi pia ni bondia bora Arlington, nikiruhusiwa kumlipa mpinzani. Ubingwa wao wa mwisho ulikuwa lini?"

Alitazama chini. Ulikuwa kabla ya mama yake kuzaliwa. Ile pete ya Hollis, nilikuja kuambiwa, aliipata katika chuo kingine.

"Kila mwaka wanachukua vijana bora wa Texas," nikasema. "Kila mwaka. Na vijana hao, wakikutana na timu ambayo haikulipwa kufungwa, wanafungwa. Kama ningeikagua shule inayopokea watoto bora wa jimbo zima na kuwatoa wakiwa wa kati, ningeandika ifungwe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa wamesifiwa hadi tembo limekwisha, yamebaki maji."

"Mchagua jembe si mkulima, Babu," akanijibu, kwa Kiswahili safi, akaingia ndani. Nilikasirika na kufurahi kwa pamoja.

Mwisho wa Desemba tulikuwa na harusi Sugar Land, ya Yumna binti wa mpwa wangu, na ikaangukia juma lile lile ambalo Brannock walikuwa na mechi yao ya mwisho Houston. Azizi alinunua tikiti. Nilikwenda, kwa sababu mkaguzi asiyefika shuleni ni mpiga porojo.

Sitaeleza kelele wala wale wasichana waliovalishwa nusu nguo katika baridi ile. Tulikaa juu kabisa, karibu na paa. Bwana mmoja wa jirani yetu, aliyejipaka rangi ya Brannock usoni ingawa alikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, aliniazima darubini yake kwa ukarimu. Wote waliutazama mpira. Mimi niliyatazama mabenchi. Anayetaka kuijua shule haangalii ubao, huangalia dawati la nyuma.

Dakika za mwisho Brannock walikuwa nyuma kwa alama mbili, na mpigaji wao, ambaye pigo lake likipita huleta tatu, akaitwa. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye nywele za rangi ya mchanga. Umbali haukuwa mkubwa. Akapiga, mpira ukagonga nguzo, ukarudi uwanjani. Uwanja mzima ukatoa mguno mmoja. Yule bwana aliyejipaka rangi alimtukania kijana huyo mama yake.

Niliielekeza darubini kwenye benchi. Kijana alirudi akavua kofia yake ngumu. Waliokuwa wamekaa walisogea, si kumpa nafasi, bali kujitenga naye. Akasimama peke yake. Hollis, aliyekuwa mwalimu wake mahususi, alipita mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa, akageuza uso upande wa pili. Nilimpa Sufyan darubini.

"Tazama pale."

Alitazama kwa muda. "Amekosa mpira rahisi, Babu," akasema hatimaye, lakini sauti yake haikuwa na kiburi cha kwanza.

"Nami nimewahi kuona mwanafunzi akikosa jibu rahisi. Sijawahi kuona mwalimu aliyemfundisha akijifanya hamjui."

Kesho yake nilimtafuta Kalume, Mgiriama wa Malindi anayeendesha teksi Houston na ambaye hakuna mtu wa kwetu asiyemjua. Nilimwomba aniulizie nyumba yoyote ya watu wetu iliyowahi kufikiwa na Brannock. Nilitarajia aniletee kijana aliyeachwa. Aliniletea kitu kingine.

"Mwalimu," akaniambia kwenye simu, "kuna Wakongomani hapa Alief, watu wa Bukavu. Kijana wao anapiga mpira kama wa kwako. Nao walitembelewa."

"Lini?"

"Juzi juzi tu. Desemba hii hii."

Tulikwenda mimi, Azizi na Sufyan. Florent, baba wa kijana huyo, alikuwa mfanyakazi wa ghala, mfupi, mwenye kifua kipana. Mkewe Généreuse aliwatunza wazee katika nyumba ya wazee. Walitupokea kama jamaa ingawa hatujapata kuonana. Kijana wao Précieux alikuwa mrefu kuliko Sufyan, mcheshi, na ndani ya dakika chache walikuwa wamekwisha kuulizana umbali gani kila mmoja anaweza kupiga.

"Coach Hollis?" akasema Florent. "Eh, Papa! Huyo alifika hapa. Aliikala pale pale wewe unaikala."

"Alisema nini?"

Florent akanyoosha mgongo, akaweka mkono begani mwa mwanawe, akaigiza. "'Nimetembea Texas yote. Nataka moja tu, hapana mbili. Wakati nilikuona, niliita bibi yangu ku simu, nikamwambia: nimemupata!'"

Azizi alitua kikombe chake.

"Na chakula?" nikauliza.

"Alikula sombe yangu, hii munaita kisamvu, sahani mbili!" akasema Généreuse. "Mbili, Papa! Na ugali. Akasema hajakula kitu kitamu namna ile tangu azaliwe."

"Kwetu alisema hivyo hivyo juu ya biriani," akasema Azizi kwa sauti ndogo.

"Bongo!" Généreuse akapiga paja lake, na kwa uso wake sikuhitaji kuambiwa kwamba kwao neno hilo ni uongo. "Mwanaume anachumbia mu nyumba mbili, anakula mu zote mbili! Na bibi yake masikini anaitwa ku simu kila siku!"

Walicheka wote, hata Précieux. Sufyan hakucheka. Nilimwona anamtazama Précieux, na Précieux anamtazama yeye, kila mmoja akimpima mwenzake miguu, na nikaona jinsi mtu yule alivyowafanya mahasimu watoto wawili ambao, kama si yeye, wangekuwa marafiki tangu walipopeana mikono.

Njiani kurudi Sufyan alisema neno moja tu. "Labda kwangu alisema kweli, na kwao ndiko alikodanganya."

"Kila mke mwenza hujifariji hivyo," nikamjibu.

Hollis alitupa taarifa kwamba angekuja tena katikati ya Januari. Nilimpigia Florent. Wakafunga safari kutoka Houston alfajiri, yeye na mkewe na kijana wao, na Hollis alipoingia sebuleni kwetu, akiwa amevua viatu na kuandaa tabasamu, aliwakuta Sufyan na Précieux wamekaa bega kwa bega kwenye kochi moja.

Nitasema kweli: nilitarajia aibu. Nimewafumania walimu wakuu waliojaza mahudhurio ya watoto waliokwisha kufa, na hata hao walitokwa na jasho. Hollis alisita kiasi cha kumeza mate, kisha akafungua mikono.

"Vijana! Vizuri sana! Mmekwisha kujuana!"

Kiingereza changu ni cha shule ya zamani, nacho kilinitosha. "Bwana Hollis, ulituambia mmoja. Ninawaona wawili. Je, wapo wengine ambao hatujawatengenezea nafasi kwenye kochi?"

"Mzee, ndivyo usajili unavyokwenda. Kila timu inafanya hivi."

"Mwanafunzi niliyemkamata akinakili aliniambia pia kwamba darasa zima linanakili. Sikumwuliza habari za darasa. Wako wangapi?"

Alitazama dirisha. "Wanne. Ushindani huwafanya kuwa wanaume. Atakayekuwa bora atacheza."

"Wane!" akapaza Généreuse. "Sahani nane!"

"Ulipomwambia kila mmoja wao kwamba yuko peke yake," nikauliza, "ulikuwa unamdanganya nani?"

"Sikumdanganya mtu. Nilimwambia kila mmoja anachohitaji kusikia." Kisha akajikusanya, akaisukuma pete yake kidoleni, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo wenyeji wanazaliwa nalo. "Mzee, kwa heshima zote: hii ni Brannock."

"Hilo si jibu, bwana. Hilo ni jina tu. Nilikuuliza juu ya matendo, ukanionyesha kibao cha mlangoni."

Azizi alikohoa. Mashavu, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, hakuleta chochote. Précieux akasogea mbele.

"Mimi nitakuja," akasema. "Wanne, kumi, si kitu. Nitawapiga wote."

"Précieux!" akafoka mama yake, kisha wakaanza kusemezana kwa Kifaransa yeye na mumewe na mwanawe, kwa mwendo ambao hata Mfaransa angeomba wapunguze. Hollis alitabasamu tena. Akamgeukia Sufyan.

Sote tulimgeukia. Nilikuwa na maneno mengi kinywani, na niliyazuia. Binti aliyeposwa husemewa, lakini mwisho huulizwa mwenyewe.

Sufyan alikuwa ameikaza mikono yake kati ya magoti. "Kocha," akasema, "yule aliyekosa kule Houston. Yu vipi?"

"Nani?" Hollis akakunja uso, kisha akakumbuka, na uso wake ukakunjuka. Aliinama mbele kwa upole wa kweli, maana alidhani ameelewa hofu ya kijana. "Ah, yule! Usijali habari yake, mwanangu. Huyo tumekwisha kumwacha. Tulimwambia siku ile ile, kwenye basi. Hatakuwa njiani mwako."

Hakujua alichokisema. Hadi leo, naamini, hajui. Alikuwa ameleta habari hiyo kama zawadi, zawadi ya pekee aliyowahi kuingia nayo nyumbani kwetu, na alikuwa bado anatabasamu akingojea kushukuriwa.

"Hapana, bwana," akasema Sufyan. "Nashukuru kwa kuja. Hapana."

Hollis alijaribu mara mbili zaidi. Alitaja watazamaji themanini elfu, akataja televisheni, akataja shule ambayo imekwisha kutangaza, "na watu watasema nini?" Sufyan alitikisa kichwa kila mara, pole pole, bila kumtazama. Ndipo Hollis akamzunguka, akamwendea Précieux, akamwekea mkono begani, na kabla hajafungua kinywa Florent akautoa mkono ule kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa mdudu.

"Sisi tutakupigia," akasema.

Hawakumzuia mtoto wao, mwishowe. Précieux alitia sahihi kwa Brannock mwezi wa Februari, akijua wako wanne, na kujua huko ndiyo silaha pekee ambayo wenzake hawakuwa nayo. Sikumlaumu. Aliingia macho wazi katika nyumba niliyoidharau, na ninaidharau hata sasa. Kuingia na macho wazi kuna heshima yake.

Lakini jioni ile, wageni walipokwisha kuondoka, Sufyan alibaki kwenye kochi.

"Umefurahi, Babu?"

"Sikufurahi. Nimeridhika. Hayo ni mambo mawili."

"Jumatatu nitawaambia nini shuleni?"

"Kwamba walikutaka, ukakataa."

"Hakuna atakayeamini. Hakuna mtu anayekataa Brannock. Watasema wao ndio wamenikataa mimi."

Nilifikiri kumwambia kwamba maneno ya watu hayadumu. Isingekuwa kweli, maana nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi sifa ya uongo inavyoweza kuishi muda mrefu kuliko walioianzisha, na lawama ya uongo ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Ndivyo watakavyosema," nikamwambia. "Nami sina la kukusaidia hapo."

Alinitazama. Ilikuwa, nadhani, mara yake ya kwanza kuambiwa na mtu mzima jambo asilohitaji kusikia, na sikuweza kujua kama alikuwa ananichukia au la. Mashavu alitaka kuja kumshika. Nilimzuia kwa jicho.

Akainuka, akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga namba ya Houston. Tulimsikia upande wake tu. Alijitambulisha kwa Bwana Pruitt. Akauliza kama ile nafasi bado ipo. Akasikiliza. Akasema, "Najua, bwana." Akasikiliza tena, safari hii kwa kitambo, akasema "Najua" mara ya pili, akaaga kwa adabu, akaweka simu mahali pake.

"Amesemaje?" akauliza Azizi, ambaye alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama abiria aliyechelewa ndege.

"Nafasi ipo, na benchi ni lile lile. Zaidi ya hapo hajaniahidi kitu," akasema Sufyan. Akavuta kiti cha mezani, akakaa, akamwomba mama yake chakula.